Tumbaku Iliyong'ata Ulimi wa Msemaji

Mtaani Mapendo, mjini Goma, kabla familia haijapeleka posa popote, ilipita kwanza kwa Muzee Mulumeoderhwa. Alifundisha Kifaransa miaka thelathini na minne, na tangu astaafu kazi yake ilikuwa kusema kwa niaba ya wengine: kuomba wachumba, kupatanisha mashemeji, kuwashukuru wageni waliokwisha kusinzia. Hotuba yake ya posa ilianzia bustani ya Edeni, ikapitia Bukavu, ikamfikia binti mwenyewe wakati wali umepoa. Watu waliponyamaza, yeye aliamini wamevutiwa.

Baada ya kusema, alichopenda zaidi ni kiko chake. Alikijaza tumbaku nyeusi ya kienyeji aliyonunua sokoni Ndosho kwa Mama Asumini, mjane wa dereva wa Maniema. Kwa miaka thelathini haikumdhuru kitu, isipokuwa mapazia ya mkewe, Nabintu.

Kisha mkwe wao aliyeko Ubelgiji akawatumia kifurushi kupitia Kigali. Ndani mlikuwa na kopo la tumbaku ya njano kama nywele za mahindi mabichi, inayonukia vanila na asali.

"Nusa, Nabintu! Hii njo tumbako. Ile ingine nilikuwa navuta nyasi."

"Hizo nyasi umezivuta miaka yote bila kulalamika," mkewe akajibu.

Siku ya kwanza alivuta mara nne, ameketi barazani ili upepo wa ziwa uwapelekee majirani harufu. Siku ya tatu alitia kijiko cha sombe, mboga ya majani ya muhogo, mdomoni, akaruka kama aliyemeza kaa la moto. Kwenye kioo, ncha ya ulimi ilionekana nyekundu, imechubuka.

Akalaumu dawa ya meno. Akalaumu pilipili, kisha dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba. Kopo hakuligusa kwa lawama hata kidogo, kwa sababu kitu kinachonukia vile kingewezaje kuuma? Mwishowe akampata mkosaji: ni ile tumbaku nyeusi iliyompika ulimi kimya kimya miaka thelathini, na hii nzuri imefichua tu ugonjwa. Akapanda pikipiki hadi Ndosho.

Mama Asumini alikuwa anakata majani kwa kisu juu ya ubao. Yeye havuti, dini na kifua vilimkataza. Lakini amesikiliza malalamiko ya wavuta kiko muda mrefu kuliko daktari yeyote wa Goma.

"Mama, umeniharibia ulimi," Mulumeoderhwa akaanza.

"Karibu, papa. Ile unavuta sasa, unayo hapo?"

Akampa kopo. Asumini akafinya kidogo kwa vidole viwili, akaachia. Tumbaku haikuanguka, ilimnata vidoleni.

"Iko na maji mingi. Ukiwasha, maji inakuwa mvuke, na mvuke njo inakupika ulimi. Halafu iko na sukari. Hii ya njano wanaikausha mbio mbio kwa moto, sukari inabakia ndani, na mara ingine wanaongeza ingine juu. Inawaka kwa joto kali."

"Lakini ni tamu!"

"Njo shida. Kwa vile ni tamu, unafuata utamu, unavuta haraka haraka. Ya kwangu haina utamu wa kufuatwa, njo maana unaivuta polepole."

"Basi ya kwako haiunguzi?"

"Inaunguza, papa. Nikiuza jani ambalo halikukaa vizuri kwenye kivuli, moshi wake unakata kama magadi. Wateja wanarudi hapa wakitoa ndimi nje sawa mbuzi. Hilo silileti tena sokoni." Akamrudishia kopo. "Tandaza hii kwenye gazeti, ikauke kiasi. Usiishindilie kwenye kiko. Na upumzishe ulimi siku tatu."

Mulumeoderhwa akaondoka amechukia. Kukausha tumbaku iliyolowanishwa na mafundi wa Ulaya kwa mashine! Huyu mama ataanza lini kuwarekebishia na saa zao?

Jumamosi ilikuwa zamu ya jirani yake Baharanyi, ambaye mwanawe alikuwa anamwoa Charline. Upande wa binti msemaji alikuwa Zihindula, mtu wa maneno pia, aliyekuja na karatasi yenye majibu kumi na moja. Sherehe ilichelewa saa nzima. Mulumeoderhwa, akitaka wakwe waone kopo, akavuta viko vitatu mfululizo chini ya hema la turubai.

Alipoitwa akasimama, akakohoa kwa heshima, akafungua kinywa. Ulimi ukagusa meno. Machozi yakamjaa machoni. Akajaribu tena, ukagusa tena.

"Mutoto wetu anapenda mutoto wenu," akasema kwa taabu. "Tunamuomba."

Akaketi.

Nyanya wa Charline, aliyeyaona yale machozi, naye akaanza kulia. Zihindula akasimama, akatazama karatasi yake. Jibu la kwanza lilihusu Edeni, la pili Bukavu. Akaikunja.

"Tumekubali," akasema, naye akaketi.

Kwa mara ya kwanza katika historia ya Mapendo, watu walikula wali wa posa ukiwa wa moto.

Baharanyi hakunyamaza wiki nzima. "Ule muzee! Maneno mawili na machozi!" Familia zikamiminika, na kila moja ikanong'ona jambo lile lile mlangoni: kama siku ile, muzee, maneno machache. Mulumeoderhwa aliitikia kwa kichwa, na moyo ukamuuma kuliko ulimi. Miaka yote ya ufasaha, kumbe walikuwa wanasubiri chakula!

Mkewe alipokwenda misa, akatandaza tumbaku juu ya gazeti. Akapumzisha ulimi siku tatu, kisha akavuta polepole, kiko kilichojazwa kilegevu. Hakikuuma. Alipoulizwa, alimwambia Nabintu kwamba tumbaku imezoea hali ya hewa.

Munguakonkwa, jirani mwingine, alipokuja kwa ajili ya posa ya mwanawe, Mulumeoderhwa akamtangazia kwa furaha: "Nimepona! Safari hii nitasema yote."

Mgeni akaangalia viatu vyake. "Muzee, usijisumbue basi. Tutamuona Zihindula. Wanasema siku hizi anasema neno moja tu."

Kesho yake Mulumeoderhwa alikuwa Ndosho, ameketi kwenye kibao mbele ya meza ya Mama Asumini, kiko mkononi. Akamweleza kisa chote: usaliti wa Zihindula, Baharanyi, shukrani za binadamu. Kila alipofika penye uchungu, alisahau kuvuta, kiko kikazimika. Akakiwasha, akaendelea, kikazimika tena. Mara ya nne akakatiza maneno.

"Nisamehe, mama. Nakuchosha."

"Hapana, papa," Asumini akasema, macho kwenye kisu. "Ukisema, kiko kinapoa, ulimi hauungui. Endelea tu."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Mulumeoderhwa akajisogeza vizuri kwenye kibao, akaanza upya. Mama Asumini akavuta fungu lingine la majani na kuendelea kukata, akiitikia "ee" kila kisu kilipogonga ubao.