Jina Lililopita Kwenye Bomba

Nilichokiona kwanza ni mdomo wa bosi. Nilikuwa napiga deki karibu na meza yake. Midomo ikamcheza, akasema, "Kasuku, usiniloweshee nyaya."

Kasuku! Jina hilo dada yangu alinibandika kwa utani, maana naweza kushinda kutwa bila kutoa neno. Hajawahi kulitamka. Huliandika tu kwenye barua pepe anazonitumia, zinazopitia mitambo ya kampuni hiihii ya intaneti ninayoifanyia usafi.

Niliendelea kupiga deki. Wiki ileile shemeji, ambaye dada alimkimbia kwa sababu ya kipigo, akamvamia alikojificha. Mahali hapo dada alikuwa ameniandikia mimi peke yangu. Na shemeji na bosi ni marafiki wa kufa na kuzikana.

Wapangaji wenzake walimnusuru dada. Akaishtaki kampuni.

Mahakamani bosi alitinga suti inayong'aa kama sufuria jipya. Wakili wake alisema huku akinesanesa, "Mheshimiwa, sisi ni bomba tu. Maji ya watu yanapita, bomba haliyaonji. Sheria hailaumu bomba."

Bosi akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa kuazima. Jana yake tu alikuwa ofisini akisimulia ugomvi wa wapenzi fulani, huku akichokonoa meno. Bomba gani hilo lenye kitambi?

Hakimu akamuuliza dada, "Una ushahidi gani kwamba walisoma barua zako?"

Dada alikuwa na neno lake tu. Akishindwa leo, shemeji atamfuata popote, na bosi atamwelekeza njia.

Tukapewa mapumziko mafupi, lakini hakimu hakutoka. Alibaki akipekua karatasi. Bosi akajipitisha kwenye benchi letu, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda, "Kasuku, mshauri dadako arudi kwa mumewe. Aache kujiaibisha."

Na mpumbavu huyu ndiye anayetunza siri za mji mzima!

Hakimu akainua macho. "Nani Kasuku?"

Nikasimama. 

"Ni mimi, Mheshimiwa. Dada huniita hivyo kwenye barua pepe tu. Kwa mdomo, hakuna aliyewahi kuniita, isipokuwa huyu."

"Anazua!" bosi akafoka. "Huyu binti hata shule hakumaliza!"

Nikamgeukia. Neno nililolimeza tangu siku ile ya deki likatoka lenyewe.

"Bosi, bomba halimwiti mtu jina."