Leo Usiseme "Angalia"

Tatsue alikuwa mama wa kuonya. Akimpa mwanawe samaki, aonye mwiba. Akimpa chai, aonye moto. Mtoto akitoka kwenda shule, alimfuata hadi langoni kumwambia aangalie baiskeli, ilhali baiskeli za kijiji chao cha pwani ya Shima zilikuwa za wazee, tena nyingi za kukokotwa. Mtoto huyo, Chinami, akakua, akaenda kufanya kazi mjini Nagoya, na maonyo yakamfuata kwa simu.

Mwishoni mwa Agosti, sikukuu ya wafu ikiwa imekwisha, Chinami alikuja nyumbani na mchumba wake Kosei, kijana wa milimani, mrefu, mwenye kamera ya kusimama kwa miguu mitatu. Chinami alitaka kumtembeza pwani siku nzima, na mama awe nao. Kabla hawajaingia garini akamshika mama yake mabega.

"Mama, leo tupatane. Neno 'angalia' limepewa likizo. Ukilisema hata mara moja, chaza wa jioni ni juu yako."

"Na nisipolisema?"

"Ni juu yangu."

"Kosei, umemsikia mwenzako anavyonifunga mdomo?"

"Nimesikia, Mama. Mimi ni shahidi tu," Kosei akasema. "Lakini shahidi naye si anakula?"

Wakaanzia Futami, kwenye majabali mawili, Mume na Mke, yaliyofungwa pamoja kwa kamba nene ya majani ya mpunga. Chinami akaanza uchokozi wake. Alipanda ngazi za mawe huku kamba ya kiatu inaburuta.

"Mama, umeiona hii kamba?"

"Nimeiona."

"Huna la kusema?"

"Ni kamba nzuri."

Kosei alicheka mpaka akashika ukuta. Walipofika kwenye vyura wa mawe wa hekalu la hapo, Tatsue akabaki nyuma kidogo. Kwao kusema chura na kusema kurudi ni sauti moja, kwa hiyo mwenye mtu wa kusafiri humgusa chura kichwani. Alimgusa kwa ajili ya Chinami. Kisha akamgusa tena kwa ajili ya Kosei, maana sasa naye alikuwa mtu wa kuombewa arudi.

Alasiri wakafika Daio, kwenye mnara mweupe wa taa. Vijana walipanda juu, wakashuka wakihema. Bahari ilikuwa imelala, upepo hakuna, jua limetulia. Chinami akasema picha nzuri hupigwa kutoka chini, kwenye mwamba ule bapa, mnara uonekane wote. Wakateremka. Tatsue, kwa sababu ya magoti yake, akabaki njiani na mikoba.

Ndipo akaona. Mwamba wenyewe ulikuwa umelowa, unang'aa, na kwenye vishimo vyake povu lilikuwa bado linapasuka, na mvua hawajaiona wiki hiyo. Aliyeulowesha si mwingine ila bahari. Huko kusini, mbali kabisa, kulikuwa na kimbunga. Redio ilikitaja asubuhi. Kimbunga kinaweza kukaa kwake na kutuma mawimbi tu, moja moja, katika siku nzuri kama ile.

Vijana walikuwa wameipa bahari mgongo.

"Chinami! Angalia bahari!"

Chinami akarusha mikono juu kama mtu aliyefunga goli. "Chaza, Mama! Umelipa! Kosei, shahidi, umesikia?"

"Nimesikia! Mimi nataka wakubwa!"

Wakacheka, wakarudi kwenye kamera yao, Kosei akabonyeza ili ijipige yenyewe. Neno lilikuwa limetoka kinywani mwa Tatsue likiwa zima, likamfikia mwanawe likiwa mzaha. Alilitumia kwa miiba, kwa chai, kwa baiskeli za wazee. Leo alipolihitaji, limekwisha makali.

Zamani Tatsue alikuwa mpiga mbizi, mmoja wa wanawake wanaotafuta konokono wa bahari kwa pumzi yao tu. Kila alipoibuka alitoa pumzi kwa mbinja nyembamba, ndefu, kama wenzake wote. Lakini Chinami, akiwa mdogo akicheza mchangani, aliijua ya mama yake kati ya zote. Akiisikia aliacha alichoshika akaja mbio. Tangu sikio la Tatsue lizibe akaacha kuzamia, mbinja hiyo haikusikika tena.

Akakaza midomo. Ikatoka hewa tupu. Akajaribu tena, nayo ikatoka, nyembamba, ndefu, ikashuka hadi mwambani.

Chinami akainua kichwa. Hakucheka. Miguu yake ilianza kupanda kabla hajajua anakwenda wapi.

"Wewe, unakwenda wapi? Picha inapigwa!" Kosei akaita, akamfuata.

Kamera ikapiga mwamba mtupu. Kisha maji yakainuka, bila kelele, kama maji ya pipa la kuogea mtu mnene anapoketi ndani. Yakafunika mwamba wote, yakainyanyua kamera, yakaondoka nayo. Mwamba ukabaki unang'aa kama mwanzo.

"Kamera yangu," Kosei akasema. Kisha akatazama pale nyayo zake zilipokuwa, na kamera hakuitaja tena.

Tatsue aliketi chini palepale. Lile neno lake jingine, "si nilisema," lilikuja hadi kwenye ulimi. Akalimeza.

Jioni wakala kwenye kibanda cha chaza.

"Mimi ndiye wa kulipa," Tatsue akasema. "Nililisema."

"Na ile mbinja?" Kosei akauliza.

"Mbinja haikuwemo kwenye mapatano."

Chinami akaweka vijiti chini. "Mama, nifundishe." Akajaribu, akamrushia Kosei chai usoni, wakacheka wote, Chinami akafuta macho kwa muda mrefu kuliko kicheko.

Nanyi mnaopenda kutembelea pwani, sikieni: mwamba uliolowa bila mvua una mwenyewe, na mwenyewe hajaenda mbali. Na sisi akina mama, tusiyamwage maonyo yetu kama maji ya kuoshea mchele. Tubakishe, siku moja tutayatafuta.

Kesho yake vijana waliondoka. Tatsue aliwafuata hadi langoni, kama desturi yake, akasimama kimya. Chinami alingoja, mlango wa gari wazi.

"Mama, huna la kusema?"

Tatsue akafikiri.

"Kamba ya kiatu," akasema.

Chinami akatazama chini. Kweli ilikuwa imefunguka. Akainama, akaifunga.