Maslaha ya Bingwa wa Gemu

Nimechoka, wallahi. Mimi na Irungu tumehangaika na tovuti yetu ya habari za gemu na vituko vya mtandaoni, nyuma ya duka la fotokopi la mamake Irungu hapa Isiolo mjini, na hakuna aliyetujali. Aabo, babangu, alikuwa akiniuliza nitaacha lini kuchezea simu nitafute kazi. Kisha tukafichua kwamba Mohamedamin, bingwa wetu wa gemu ya mpira kwenye simu, hakucheza fainali mwenyewe: alimpa jamaa wa Nairobi akaunti yake amchezee. Kajuju, aliyeshindwa kwenye fainali hiyo, ndiye aliyetupa video ya ushahidi, akakubali tumtaje. Wasomaji wakafurika mpaka tovuti ikazimika. Watu wa Mombasa na hata Dar wakaanza kututumia habari zao.

Hapo ndipo Aabo alipogundua kuwa nina kazi. Mzee Sakariye, babu yake Mohamedamin, alikuja kwetu na wazee wenzake kufanya maslaha, kikao cha kupatanisha. Kwa gemu ya simu! Wakanywa chai, wakasoma dua, wakakubaliana habari ifutwe. Mimi niliitwa mambo yakiwa yameisha.

"Mzee ameomba radhi," Aabo akasema. "Sisi ni watu wamoja. Nimetoa neno langu."

"Na Kajuju je, Aabo? Yeye ndiye ameibiwa."

"Kajuju ni nani?" Mzee Sakariye akauliza, kwa upole kabisa.

Niliingia chumbani nikampigia Irungu.

"Futa tu, Siham. Hiyo stori imeshatupea jina. Utakosana na budako juu ya gemu?"

Nikaifuta. Wazee hawajaondoka, Kajuju akapiga simu.

"Mohamedamin ameandika kwa kila grupu ati nyinyi mmekubali nilidanganya. Siham, nilidanganya?"

"Hapana."

"Basi mbona umeifuta?"

Sebuleni nilimsikia Aabo akiwaambia wageni kwamba binti yake ni mwandishi. Hakuwahi kuniita hivyo. Nilitamani kulia.

Niliirudisha habari, nikaongeza mstari mmoja: ilifutwa kwa maslaha ambako Kajuju hakuitwa. Kisha nikasimama nyuma ya mlango. Simu ya Mzee Sakariye ililia, nikamsikia akimtaja Mohamedamin.

"Awale," akamwita Aabo kwa jina lake, "neno lako liko wapi?"

Nikafungua mlango nikatokea sebuleni mbele yao.