Ile "Rudi" ya Chiriku

Kila mtu ana wimbo wake wa Chiriku anaoupenda, lakini hakuna kilichopendwa kuliko neno moja ambalo halimo kwenye wimbo wowote. Linasikika kwenye rekodi ya onyesho lake la uwanjani, karibu na mwisho wa ule wimbo wa mahaba. Dramu zinanyamaza ghafla, magitaa yanayumba, halafu Chiriku anapaza sauti: "Rudi!" Dramu zinaingia tena kwa kishindo, naye anauimba ubeti wa mwisho kama mtu aliyeambiwa kuwa kesho hakuna kuimba. Ukisikia hapo na usisisimke, nenda kapimwe masikio.

Rekodi zake za studio ni nzuri, nani atabisha? Lakini ni nzuri kama picha ya pasipoti: sura ni yako, ila mwenyewe hayumo. Jukwaani ndiko alikokuwa Chiriku mzima. Aliurefusha ubeti akiona watu hawajashiba, aliwatania waliochelewa, alivuta pumzi ukaisikia, na uwanja mzima ukavuta pamoja naye. Hata aliyezaliwa baada ya onyesho lile aliweza kuapa kwamba alikuwapo.

Basi kuhusu ile "Rudi" watangazaji wa redio wakatia chumvi mpaka ikazidi. Ati alikuwa akimwita mpenzi wake aliyesimama katikati ya umati akaondoka. Mmoja alisema ni rubani, mwingine akasema ni daktari wa meno. Wachumba waliogombana walitumiana wimbo huo, na wanaume wazima wenye ndevu zao walilia wakiusikiliza. Chiriku akiulizwa alicheka tu.

Ukiacha wanamuziki wenyewe, nyumba moja tu ndiyo iliyojua ukweli, na katika nyumba hiyo neno lenyewe halikutamkwa. Mama akiwaita watoto waliokuwa wakicheza nje alisema "njooni" au "geuzeni miguu hiyo". Anayetoka aliambiwa asichelewe. Hiyo ilikuwa nyumba ya mpiga dramu wa Chiriku, na "Rudi" aliambiwa yeye.

Mwenyewe alishikilia kwamba hakukosea. Kwenye mazoezi walikubaliana kuukata ubeti wa mwisho, muda ulikuwa mfupi, naye akamaliza pale pale walipokubaliana. Lakini nani angemwamini mpiga dramu dhidi ya Chiriku? Wanamuziki wakambandika jina, Mzee Rudi, wakamwita hivyo hata mbele ya wanawe. Haukupita muda akaiacha bendi, akaenda kufundisha muziki shuleni, na Chiriku hakumfuata. Walikuwa wameitana kaka na dada tangu ujana wao, kisha ikawa hata salamu hakuna.

Binti wa mpiga dramu naye akakua akawa fundi mitambo wa studio, mwenye masikio makali kuliko ya paka. Siku kampuni ya muziki aliyoifanyia kazi ilipoamua kuzisafisha na kuzitoa upya rekodi zote za maonyesho ya Chiriku, kazi ikamwangukia yeye. Alipompa baba yake habari hiyo, mzee alimpongeza kwa dhati. Kisha akaitazama mikono yake.

"Mwanangu, pale uwanjani," alisema, "hakuna namna ya kupatengeneza?"

Fundi alielewa. Na namna ilikuwapo: angechukua dramu za onyesho jingine, akaziunga hapo, akalifuta neno, na asingejua mtu. Alimjibu kwamba ataangalia. Mtoto akimwambia mzazi hivyo ameshaahidi, hata kama hakuapa. Tatizo ni kwamba meneja wa kampuni naye alikuwa ameshamwonya: gusa chochote, "Rudi" usiiguse, ndiyo watu wanayoingojea.

Akaingia studio mchana mmoja, chumba cha kuta za sponji, akazima feni kwa sababu ilinguruma, akakaa na jasho lake. Uwanjani kila maikrofoni ilikuwa imerekodiwa peke yake, kwa hiyo aliweza kunyamazisha bendi nzima akabaki na baba yake tu. Mungu wangu, mzee alikuwa akipiga! Fundi alisahau kazi kwa muda, akawa anatikisa kichwa peke yake na kutabasamu. Ikafika pale pa kunyamaza. Alisikia pigo moja la kufunga, safi, halafu mkono ukiyashika matoazi yasiendelee kulia. Mtu aliyepotea hashiki matoazi. Anayeshika ni yule aliyemaliza kazi yake.

Ndipo "Rudi!" ikaja kwa mbali, na dramu zikaanza tena. Na katikati ya kelele hiyo kulikuwa na kitu kingine, sauti ya mtu aliyesogea karibu. Fundi akayapunguza matoazi, akaipandisha sauti ile kidogo kidogo, akairudia mpaka maneno yakatoka.

"Nimesahau, kaka. Tulisema tunaukata. Nisamehe, twende."

Alikuwa Chiriku. Magitaa yalipokuwa yakirudiarudia kipande kile kile kabla ya ubeti, aliiacha maikrofoni yake akaenda mpaka kwenye dramu kuomba radhi, akarudi mbele akaimba vile alivyoimba. Baba hakusikia, maana spika kubwa ya jukwaani ilikuwa ikimpigia sikioni. Fundi alilia, tena si kwa haya, alilia kwa sauti, kwani sponji kazi yake ni nini?

Lakini baada ya kulia akaona ugumu. Akilifuta neno, baba ataepuka aibu bila kupewa haki yake. Akiyaacha yale maneno yasikike, rubani na daktari wa meno wanakufa siku moja, na hekaya ile ilikuwa mali ya Chiriku, si yake. Akiwa yeye tu aliyeyasikia, angeweza kuyazika na asiulizwe. Kesho yake Chiriku alikuwa anakuja kusikiliza. Fundi akapiga moyo konde: atamsikilizisha mwenyewe, na liwalo na liwe.

Chiriku alikuja na fimbo, mwembamba, mzee, na sauti imeshuka chini lakini bado ikikuita jina unahisi umepewa zawadi. Fundi alimwamkia, "Shikamoo, shangazi," naye akamshika kidevu akamtazama sana, akasema macho ni ya baba yake. Meneja akavuta viti. Wakasikiliza onyesho lote, Chiriku akifuata kwa mguno, akijicheka pale alipowatania watu. Wimbo ulipokwisha fundi alisema kuna kipande kingine, akakipiga.

Chiriku aliomba kirudiwe. Kikarudiwa. Meneja ndiye aliyewahi kusema: hicho kisitoke humu ndani, watu wameoana kwa sababu ya neno lile. Chiriku alimgeukia fundi.

"Alinisikia?"

"Hakusikia, shangazi. Spika ilikuwa sikioni mwake."

Bibi yule akaiweka fimbo sakafuni taratibu. "Mimi miaka yote nilijua nimemwomba radhi akakataa," alisema. "Nikasema basi, kaka yangu ana moyo mgumu. Na watu wa redio waliponiuliza nilikuwa nikimwita nani, nikacheka, kwa sababu kucheka kulinifaa." Akanyosha kidole kwenye mitambo. "Ipandishe hiyo sauti. Isikike hata kwa kiziwi."

Meneja akasema, kwa upole wa mtu anayeona nyumba yake ikiungua, kwamba watu watajua hakukuwa na mpenzi.

"Watajua kulikuwa na mpiga dramu," Chiriku alisema, akainama kuokota fimbo yake. "Haya, nipelekeni kwake."

Wengi wana sauti nzuri, na wengine wana jina kubwa. Aliye tayari kulipunguza jina lake kwa mkono wake mwenyewe, ili la mwingine lisimame, huyo ni nadra, na fundi alipokuwa akimshika mkono kwenye ngazi alitamani njia ingekuwa ndefu zaidi.

Mzee alimpokea mgeni shingo upande. Alimkaribisha, akamwonyesha kiti, akakaa mbali naye na mikono ameikunja. Mama, kwa kuogopa maneno, akakimbilia jikoni akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Fundi akaweka spika ndogo mezani, akaanzia katikati ya wimbo. Likapita pigo la kufunga. Likapita lile neno, na mzee akakunja uso kama kawaida yake.

Kisha: "Nimesahau, kaka. Tulisema tunaukata. Nisamehe, twende."

Dramu zikaendelea, ubeti wa mwisho ukaanza, na mikono ya mzee ikajikunjua ikabaki magotini. Fundi akaisimamisha rekodi. Chiriku alikuwa akitazama sakafu. Mzee akamtazama binti yake.

"Rudi," alisema.

Jikoni vyombo vikanyamaza. Mama alitokea mlangoni na sahani inayochuruzika maji, kuhakikisha kwamba amesikia vizuri na aliyesema ni nani.

"Rudi hapo nyuma kidogo, mwanangu," mzee akasema tena, na kiti chake akakisogeza karibu na cha dada yake. "Hapo aliponiambia."