Kiyoyozi cha Mjomba

Jasho lilikuwa limelowesha shati la Mjomba mgongoni, naye bado ameikazia macho skrini. Mstari aliouita mwanawe wa pekee ulikuwa umetoweka.

Mimi ndiye niliyezima kiyoyozi. Hata leo, kiyoyozi kikianza kunguruma popote nilipo, huutafuta mlango kwa macho.

Chumba kile kilikuwa chini ya jengo, hakina dirisha hata la dawa. Jua liliingia kwa tundu moja darini, likapita kwenye vioo ndani ya bomba lililofungwa, likaishia ndani ya mashine. Sisi wawili tuliolisoma mwaka mzima ndio tuliokuwa tukiulizana kama nje kumeshakucha. Jua hutetemeka. Uso wake hupanda na kushuka kama kifuniko cha sufuria inayochemka, na kwa mitetemo hiyo unaweza kujua yaliyomo ndani, kama mnunuzi anavyoligonga tikiti kabla halijapasuliwa. Lakini mitetemo ya kiini chenyewe ni dhaifu mno. Wengi wameitafuta wakarudi mikono mitupu. Mjomba alisema ameipata, na mstari ule ndio uliokuwa ushahidi wake. Kesho ya siku ile ya jasho wageni wangekuja kumsikia akitangaza.

Huyu ndiye aliyenichukua mama alipofariki, akanisomesha, akanipa kiti kando ya chake. Kila mlango niliopita maishani aliufungua yeye, na kwa hiyo sikuujua hata mmoja wa kutokea.

Nilianza kushuku kuwa ni mtetemo wa kiyoyozi, si wa jua, nilipoona mstari ule unapanda kiyoyozi kikiwaka na kushuka kikijizima. Kikulacho ki nguoni mwako. Basi nikakizima siku kadhaa, nikamwambia kimeharibika, na kila alipopangusa uso niliona haya.

"Umekizima wewe," alisema hatimaye, bila kugeuka.

"Ndiyo, Mjomba."

"Shukrani ya punda mateke." Akapangusa uso. "Haya, kiwashe. Wageni hawatavumilia joto hili."

Nilielewa alichokuwa akiniomba. Kikiwaka, mstari ungerudi, na siri ingebaki kwetu wawili, humu humu, mpaka tuzeeke. Nilimpenda mzee yule. Nilimwogopa pia.

"Kiwashe mwenyewe, Mjomba."

Aliinuka, akaenda ukutani, akaweka kidole juu ya swichi. Akasimama hivyo muda mrefu, amenipa mgongo. Nilihisi nimekuwa yatima mara ya pili.

Kisha mkono ukashuka. Alivuta kiti chake, akaketi karibu nami kuliko kawaida, akaanza kufungua vifungo vya shati kimoja kimoja.

"Kesho uwalete humu humu," alisema. "Waambie wavae nguo nyepesi."