Pazia la Wanawake Wanaooga

Picha ilikuwa kubwa kama mlango, nakala ya mchoro wa kale wa Ulaya, wa mtindo wa baroko, ambayo madam aliinunua kwenye maduka ya Olaya kwa mbwembwe. Kijana mwindaji wa enzi za Wagiriki kamchungulia mungu wa kike akioga mtoni na wenzake. Mungu kakasirika, kamgeuza kulungu, na mbwa wake mwenyewe wanamrarua.

"Mbwa aliowalea kwa mkono wake, madam?" Selipher aliuliza, kitambaa cha vumbi mkononi.

"Hawakumjua. Yalla, safisha fremu."

Ilikuwa zawadi ya kumpelekea mama mkwe wa madam, huko Jeddah. Lakini baba mwenye nyumba, mume wa madam, alipowaona wale wanawake uchi alishika kichwa: mama yake angezimia. Basi Selipher akaambiwa awashonee pazia, kisha aende Jeddah kulitundika. Alishona macho yakimuuma, mgongo umekufa ganzi, na hakulalamika. Jeddah, mtaani Karantina, ndiko alikomwacha mwanawe Terry. Mtoto alizaliwa bila karatasi, na nyumba ya madam huko Al-Naseem isingempokea; shoga yake Rita akabaki naye tangu akinyonya. Miaka mitatu sasa Selipher humsikia kwenye simu tu. Alichotaka duniani ni kimoja: Terry amwone, amjue.

Huko Jeddah pazia likawasitiri wanawake wote barabara. Kilichobaki nje, hakuna aliyekuwa amekifikiria: kulungu analia, mbwa wanamla. Mama mkwe akakitua kikombe cha kahawa.

"Mnyama huyu kakosa nini?"

Nani angemjibu bila kuwataja walio nyuma ya pazia? Baba akakohoa. Madam akakodolea zulia macho.

"Halas," mama mkwe akasema. "Funikeni yote."

Selipher alicheka kimoyomoyo, kicheko cha mtu aliyechoka. Picha ikafunikwa shuka gubigubi, na madam, kwa aibu tu, akamruhusu atoke hadi sala ya magharibi.

Karantina alipanda ngazi akihema. Mlango ukafunguliwa na msichana mdogo mwenye pua ileile ya marehemu mama yake Selipher. Selipher akaufunua uso, akachuchumaa, akangoja. Alikuwa anaogopa kuliko siku aliyopanda ndege.

Terry alimtazama kwa adabu.

"Mama hayuko," akasema. "Ameenda duka. Utamngoja?"

"Nitamngoja," Selipher akasema, akaketi ngazini.