Jina la Sitini na Moja

Boti ilikuwa imeshaacha mchanga wa kijiji cha Swima, na vijana walioisukuma maji yamewafika kiunoni, ndipo Mama Adolphine akahesabu vichwa na kukuta kimoja hakipo. Gordien alikuwa bado amesimama ufukweni, mfuko wa muhuri unaning'inia shingoni.

"Baba Gordien, panda! Unangoja nini?"

"Mi sipande! Mama Ketsia, soma kwanza ile liste ya majina. Batu yangu batano iko wapi?" akamjibu Adolphine kwa jina la binti yake.

Serikali ya jimbo ilikuwa imetenga fedha. Kila kijiji kilete kazi moja ya faida kwa wote, na majina sitini ya watakaolipwa kuifanya. Swima waliomba barabara ya kupanda mashambani na paa la nyumba ya kuzalia. Kwa vile katika kamati hakuna aliyemwamini mwenzake, waligawana vitu. Karatasi zikakaa kwa Adolphine, mwenyekiti. Kuandika kukawa kwa Néhémie, mwenye mwandiko mzuri. Muhuri, cachet kama walivyouita, akapewa Gordien, mkimbizi wa Burundi, kwa kuwa hakuwa na ukoo pale wa kumvuta shati.

Biro ya mjini Baraka, ofisi ya kupokea maombi, ilikuwa inafunga saa sita mchana wa siku ile ile. Na Ketsia, binti wa Adolphine, ambaye jina lake lilikuwamo katika yale sitini, alikuwa ameshafunga nguo zake. Akipata kazi, anabaki. Akikosa, Ijumaa anakwenda machimbo ya dhahabu, mbele ya Kilembwe, kule ambako udongo ulishamfunika kaka yake.

Adolphine akafungua karatasi. Wakimbizi watano waliokubaliwa mbele ya watu wote hawakuwemo. Mahali pao walikaa watu watano wa nyumbani kwa Néhémie, wengi wapwa wake.

"Papa Néhémie, hii ni nini?"

"Nilinakili mbio mbio, mama."

"Mbio mbio njo inazala bapwa?"

Abiria wakacheka. Néhémie akageuka kutazama maji.

"Rudisha boti," Adolphine akamwambia mwenye mashine.

"Mama, essence ya mashine iko ya kwenda tu, haiko ya kurudi-rudi."

"Cachet iko kwake! Tukifika bila cachet tutabapelekea nini, sura zetu?"

Wakarudi. Gordien akapanda, suruali imelowa. Njia nzima Adolphine aliandika juu ya goti lake, kiwiko kikikinga mawimbi. Alikata majina matano, akaandika matano. Kila alipoinua kichwa jua lilikuwa limepanda zaidi.

Walifika kwenye dirisha la biro zimebaki dakika kumi na tano. Karani alipitisha kidole juu ya karatasi, akakunja uso.

"Nani alikatakata hivi? Kila jina lililokatwa, banakamati batatu batie sahihi pembeni. Mi nafunga saa sita."

Adolphine akatia sahihi. Gordien akatia. Néhémie akatia moja, mbili, tatu, nne, polepole kama mtu anayechimba. Kwenye la tano akainua kalamu. Lilikuwa jina la Fabien, mtoto wake.

"Huyu hapana. Huyu nimemuzala mwenyewe."

"Papa, saa!"

"Hata munipige."

Karani akahesabu. "Basi asipokatwa huyo, iko sitini na moja. Mimi napokea sitini. Mutoe huyu wa mwisho, huyu Renilde."

Gordien akashika mfuko kwa mikono miwili. Renilde alikuwa mjane mwenye watoto wanne, alivuka mpaka nao kwa miguu. "Renilde akitoka, cachet inarudi Swima na mimi."

Zilibaki dakika tano. Adolphine alimtazama Néhémie. Taya lake lilikuwa limefungwa kama mlango. Akamtazama Gordien, vidole vyake vimeukaza mfuko. Katika yale majina yote lilikuwapo moja ambalo hakuna wa kuligombania ila yeye. Akavuta karatasi. Akalikata kwa mstari ulionyooka, akatia sahihi.

"Mama Ketsia," Gordien akasema chini chini, "tuseme naye tena."

"Tia sahihi, baba."

Néhémie hakungoja kuambiwa. Pale mkono wake ulikwenda haraka. Gordien akatia sahihi yake mwisho, akautoa muhuri, akaupulizia pumzi, akaugandamiza. Karani akachukua faili na kushusha dirisha.

Ombi la Swima lilikubaliwa. Barabara ilifika mashambani, nyumba ya kuzalia ikapata paa. Fabien alifanya kazi wiki tatu, akaiacha, akaenda Kazimia kuuza samaki. Renilde alifanya mpaka siku ya mwisho, akanunua mbuzi wawili. Gordien aliuacha muhuri akarudi Burundi. Néhémie bado ndiye anayeandika. Ketsia aliondoka Ijumaa ile. Alipiga simu mara mbili. Tangu Agosti simu yake haiiti. Adolphine bado ni mwenyekiti.